Ushanga Ulioamini Neno

Haya nilihadithiwa na Nyamizi mwenyewe, Jumapili iliyopita, tukichambua mchele kwangu.

Mwaka huo jiji zima la Tabora lilikuwa limevaa ushanga-saa. Ni kidude kidogo kama punje ya kunde, kinafungwa kwenye kifundo cha mkono. Kikihisi msuli umejikaza, kinaandika: hapa kafua, hapa kabeba, hapa kapumzika. Nyamizi, mtafiti wa mambo ya kaya, ndiye aliyekibuni. Nyumba iliyoelemewa na kazi ilipelekewa roboti-mlezi.

Siku moja mchana akaenda kwa Kabula kumpa jibu: roboti hapewi. Ushanga umesema mama huyu hana kazi. Na Kabula alikuwa anamuuguza mama mkwe aliyepooza, Bibi Nkamba, na mgongo wake mwenyewe umekwisha. Bila msaada, kikongwe angehamishiwa makao ya wazee, mbali.

Kabula aliitikia kwa adabu, akasema haidhuru. Ila hakukaa. Alimgeuza mama mkwe, akambadilisha shuka, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, na huku anaongea na mgeni. Nyamizi alitazama mpaka jasho likamtoka yeye aliyeketi. Akafungua kumbukumbu za ushanga. Saa kumi na saba za kazi kwa siku, zote zimefutwa, kwa kuwa mwanzoni kabisa kifaa kilimuuliza Kabula anafanya kazi gani, naye akajibu, "Nipo tu."

"Kwa nini ulijibu hivyo, dada?"

Kabula akainamisha uso. Aliyesema ni Bibi Nkamba, kutoka kitandani.

"Aliulizwa mbele yangu. Ulitaka aseme kazi yake ni mimi? Mwanangu, umesoma mpaka ukasahau adabu za nyumbani."

Akacheka mpaka akapaliwa, Kabula akamsugua kifua.

Nyamizi alirudi ofisini akahesabu: watu elfu tisa walijibu vilevile, karibu wote wanawake, na wote walinyimwa. Mtambo haukukosea hesabu. Yeye ndiye aliyeufundisha kuamini ulimi kuliko mkono. Akaurekebisha: anayesema yupo tu, aangaliwe wa kwanza.

Roboti ilifika Jumatano, adhuhuri, Nyamizi akiisindikiza. Ikapitisha mikono chini ya Bibi Nkamba, ikamwinua taratibu kama anyanyuliwavyo mtoto mchanga.

"Mikono ya baridi," bibi akanung'unika, "lakini haina kucha." Akasinzia.

Kabula akamshukuru Nyamizi, akamshukuru Mungu, akaishukuru na roboti, halafu akashika ufagio. Nyamizi akamnyang'anya. Basi akajilaza mkekani ajinyooshe kidogo, kandambili moja ingali mguuni, na usingizi ukamchukua papo hapo, jua likiwa bado juu.