Kibanio Namba Saba

Wapo waliokutana arusini, wapo waliokutana kwenye foleni ya benki. Hawa wawili walikutana kwenye kibanio cha nguo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja mdogo wa ndege uliogeuka gulio kwa siku mbili. Jumamosi ilikuwa ya mashindano ya vindege vya kuongozwa kwa rimoti. Jumapili mshindi angepandishwa ndege kamili, ya kubeba watu, na akishuka anaandikishwa chuo cha urubani, miaka miwili, bila kutoa hata senti. Watu walijaa, kila mmoja amekumbatia kindege chake kama mtoto wa kliniki. Harufu ya gundi ilikaba koo. Gundi yenyewe si ya mchezo: nzi aliyetua mezani saa mbili, saa nne alikuwa bado yupo, anawapungia wenzake kwa bawa moja.

Mbele ya meza ya waamuzi palisimama ubao wenye vibanio vya nguo, kila kimoja na namba ya chaneli. Sheria ilikuwa moja: chukua kibanio cha chaneli yako, acha kadi yako mahali pake, ndipo uwashe rimoti. Huna kibanio, huwashi. Rimoti mbili zikiwaka chaneli moja, kindege hakijui kimsikilize nani, na kindege kisichojua kimsikilize nani huja chini.

Mikono miwili ilishika namba saba kwa pamoja.

"Samahani, bibie. Hiki changu."

"Kimeandikwa jina lako?"

"Kimeandikwa saba. Na mimi ni saba."

"Na mimi ni nani, saba na nusu?"

Watu wa foleni wakacheka. Kijana akaachia. Alikuwa fundi saa, mjini wanamwita Sekunde. Shati jeupe lililonyooshwa mpaka mkunjo wake ungekata mkate, na ile lenzi ya mafundi saa ikining'inia shingoni. Binti wanamwita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Alishona viti vya magari nyuma ya gereji. Ovaroli yake ya bluu aliibana kiunoni kwa cherehani yake mwenyewe, kichwani kitambaa cha manjano, kolani pini sita.

"Basi tutapokezana," alisema Sekunde. "Wewe ukiruka, mimi nakaa. Nikiruka, unakaa."

"Umenioa tayari? Mbona unanipangia zamu?"

"Polepole. Kwanza nikuone ukirusha."

Akamwona. Kindege cha Sindano kiliitwa Bibi Harusi, maana alikivisha bitana ya hariri iliyobaki kwenye gauni la harusi alilomshonea mteja wa pembeni. Kilipanda kikiwa kimetulia kama maji kwenye glasi, kikapinduka mara tatu, kikatua bila kuamsha vumbi. Sekunde alisahau kupiga makofi.

"Funga mdomo, nzi wataingia," Sindano alimwambia.

"Nzi wote wameganda kwenye gundi. Kipenzi, nani amekufundisha?"

"Kipenzi! Saa nne tu za asubuhi nimeshakuwa kipenzi?"

"Mimi fundi saa. Najua muda ukifika."

Saa sita walikaa juu ya kreti mbili, wakinywa chai kwenye kifuniko kimoja cha thamosi. Sindano, ambaye hakuwa na kawaida ya kumweleza mtu mambo yake, akajikuta anayaeleza. Miaka ishirini na tisa na miezi minane. Chuo hakichukui aliyetimiza thelathini. Mara tatu alijaribu, mara tatu akawa wa pili.

"Kwa hiyo leo ndiyo leo," alisema. "Nikikosa, nitashona viti mpaka nife, vya watu wanaokwenda mahali."

"Mimi nina ishirini na tano. Nikikosa leo nitarudi mwakani."

"Basi kosa, mpenzi wangu."

"Ukishinda, nishindie kwa haki. Sitaki mke wa kuachiwa."

Alisema mke. Sindano akajifanya anapuliza chai iliyokwisha kupoa.

Simu ikalia. Shangazi yake, aliyemlea.

"Enhe, wa ngapi?"

"Wa kwanza, shangazi. Raundi mbili. Nimempita wa pili kwa alama tatu."

"Wa pili ni nani?"

"Kaka mmoja hivi. Fundi saa."

"Mbona sauti imelainika? Nakuuliza alama, unanijibu kwa sauti ya kuomba nguo mpya!"

Raundi ya mwisho Sindano alipangwa wa sita. Akachukua kibanio mapema, akaacha kadi yake ubaoni, akaenda kumtafuta Sekunde. Alimkuta amelala kifudifudi chini ya bawa la kindege chake, anakaza skrubu ndogo kama punje ya mchanga. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho. Sindano akainama, akambana kola kwa kile kibanio.

"Nimekukamata. Usiondoke."

"Niende wapi?" alijibu bila kugeuka. "Nimeshabanwa."

Hapo spika ikakohoa. Upepo umeanza kugeuka. Wenye vindege vyepesi watangulie. Sindano, uwanjani, sasa hivi! Akakimbia. Rimoti mkono mmoja, Bibi Harusi mkono mwingine, na kichwani hamna kitu ila mawingu. Ubaoni palikuwa na kadi yake, kwa hiyo mwamuzi wa mstari hakuuliza. Kibanio kilibaki kwenye kola.

Sekunde, aliyezama kwenye skrubu asisikie spika ikiita jina, aliposimama na kukigusa alielewa kama ambavyo yeyote pale angeelewa: aliyenacho ndiye mwenye zamu. Akadhani Sindano kamwachia nafasi ajaribu usukani wa mkia. Akawasha.

Bibi Harusi alikuwa juu kabisa, anaanza kupinduka mara ya pili. Akatetemeka, akainua pua kama aliyeitwa na mtu nyuma, kisha akaja chini wima. Hariri ilipasuka kwa sauti ndogo sana.

Mwamuzi mkuu, mzee wa miwani minene aliyewahi kuongoza ndege za posta, aliwaita wote wawili mezani. Sekunde alikuwa bado ameshika kibanio. Nyuma yao watu walishaanza: kamwangusha makusudi, si alikuwa wa pili?

"Kadi iliyopo ubaoni ni yako, binti," alisema mwamuzi. "Kibanio anacho huyu. Swali langu ni moja tu. Ulimpa, au alichukua? Kama ulimpa, umerusha bila kibanio, unatoka. Kama alichukua, anatoka yeye, na alama zako za raundi mbili zinakutosha."

Sekunde alimtazama Sindano. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Ndicho kilichomuumiza Sindano baadaye kuliko yote: kijana alisimama pale ametulia, kama mtu anayesubiri chenji yake dukani.

Miaka ishirini na tisa na miezi minane.

"Sikumpa," alisema.

Mwamuzi akamgeukia Sekunde. "Una la kusema?"

Sekunde aliweka kibanio mezani taratibu. "Ameshasema."

Wakamfungia kushindana miaka mitano, wakaishika rimoti yake mpaka kesho. Alitoka kwa miguu, kindege kwapani, watu wakimzomea hadi getini.

Jioni hiyo Sindano alimpigia mara kumi na moja. Haikupokelewa. Ya kumi na mbili akampigia shangazi.

"Nimeshinda."

"Mbona unalia? Ulimpa, hukumpa?" Habari zilishamfikia.

"Nilimpa, shangazi. Nilimbana kolani, kwa mchezo."

"Basi kesho asubuhi, mwanangu, kabla hujapanda popote, nenda kaseme."

"Nitasema nikishashuka."

"Nikishashuka!" Shangazi akakata.

Jumapili anga lilikuwa safi. Kapteni, mama wa mvi fupi na sauti ya mwalimu, alimfunga Sindano mikanda, akaacha ndege ipande, kisha akanyoosha mikono. "Haya, shika. Ya kwako."

Akashika. Ndege nzima ilimsikiliza. Akaipeleka kushoto, ikaenda kushoto; akaiinua, ikainuka, na chini gereji, mitaa na mabati vikawa vidogo kama alama za kipande cha sabuni kwenye kitambaa cha kushona. Ilikuwa tamu. Alitamani sana isiwe tamu, aweze kuirudisha zawadi. Lakini ilikuwa tamu mpaka kwenye meno.

Aliposhuka alimkuta Sekunde mlangoni pa banda la ndege, rimoti yake kwapani. Shati lilelile, mkunjo hakuna.

"Nilikupigia," alisema Sindano.

"Niliona."

"Nitawaambia. Sasa hivi, twende wote mezani. Nisamehe, mpenzi, nilishikwa na woga, nili..."

"Ilikuwaje huko juu?"

Sindano akashindwa kudanganya mara ya pili. "Nzuri."

Sekunde akatikisa kichwa, kama aliyesikia saa iliyokuwa imekufa ikigonga. "Ungeninong'oneza tu. Pale pale mezani, neno moja: nibebee. Ningesema nimechukua mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ungeruka hivihivi, na mimi ningekuwa hapa chini nakupungia. Nilikuwa naliandaa neno langu hilo la kukubebea, mwenzangu unasema lako."

"Basi acha niseme sasa."

"Sema au usiseme, hilo ni la kwako na mzee. Langu limeshaisha." Akahamisha rimoti kwapa la pili, akampa mkono kama wanavyopeana watu waliouziana baiskeli. "Kasome, dada."

Akaondoka. Dada! Sindano angependelea tusi.

Mezani mwamuzi mkuu alikuwa anakunja karatasi, vibanio vimeshaingia boksini. Alisukuma fomu ya chuo mbele yake, akavua miwani.

"Mbona macho mekundu? Upepo wa juu?" Kisha akapunguza sauti. "Binti, nikigonga muhuri hapa, faili la jana limefungwa. Kuna lolote la kusema?"

Nje, Sekunde alikuwa bado hajafika getini. Ungepaza sauti, angesikia.

Sindano akachukua kalamu.

"Nasaini wapi?"