Kilichombana Selestine

Mbuke aliisikia kwanza mchana, mumewe alipomaliza kula ugali: ko, ko, ko, kutoka tumboni, kama nyundo ya mtu anayechimba mbali chini ya ardhi.

"Baba Kamili, umesikia?"

"Njaa hiyo," Selestine alijibu, ingawa sahani ilikuwa tupu mbele yake.

Wiki tano nyuma, mwaka ule wa 1953, toroli la mawe lilikuwa limembana tumbo ukutani ndani ya shimo la dhahabu kule Geita. Hakutoka damu hata tone, akarudi kazini. Sasa kila alichokula kilirudi, tumbo likavimba, na kila alipotapika nyumba ilijaa harufu ya baruti na udongo mbichi.

"Amekuja na jini la shimoni," mama mkwe alinong'ona. "Limemshika utumbo. Twende kwa mganga Mihayo akalitoe."

"Mayu, mama yangu, nisamehe," Mbuke alimjibu. "Nampeleka hospitali."

Walipanda lori la pamba hadi kwa wamisheni. Kwenye chumba cha eksirei kilichozibwa madirisha, Selestine alinyweshwa dawa nyeupe, nzito kama uji. Daktari, Mzungu mzee, alizima taa, kioo cha mashine kikang'aa kijani hafifu, na Mbuke akauona ule weupe ukishuka ndani ya mumewe, ukijikunja, ukijaa, kisha ukafika mahali ukakonda kama uzi, ukasimama, na papo hapo kugonga kukaanza, ko, ko, polepole, mpaka nesi Philomena akaishika rozari yake.

"Ni kovu la ile ajali," Philomena alitafsiri baadaye, kwa sauti ya chini. "Utumbo umesinyaa. Watakikata hicho kipande."

Walikikata. Selestine akala, akanenepa, na kugonga kukakoma. Mbuke alijicheka peke yake jikoni kwa kuogopa kitu kisichokuwepo.

Baada ya miezi miwili waliitwa kupiga picha nyingine. Taa zikazimwa. Safari hii dawa ilipita bila kizuizi. Mbuke alikuwa amesimama mlangoni, viganja vyote viwili mashavuni kwa furaha, aliposikia daktari akisema jambo taratibu, na Philomena akalitafsiri bila kugeuka:

"Mama Kamili, toa mkono wako tumboni kwake. Vidole vinaonekana kwenye picha."