Uyoga Uliopakwa Rangi ya Fedha

Kila asubuhi Mama Mapacha huwa wa kwanza kuamka. Huchemsha chai, huwaamsha mapacha waende shule, kisha hugombana kidogo na mumewe kuhusu ndoo ya rangi iliyoachwa mlangoni. Baba Mapacha ni fundi rangi. Hupaka mageti na madirisha ya watu, na ukikaa karibu naye bila kujisogeza, atakupaka na wewe.

Mama Mapacha ni nahodha. Boti yake ndogo huvusha abiria kwenda ng'ambo, ambako hakuna daraja wala barabara. Anafanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi hukata tiketi, hufunga kamba na hupiga soga na abiria. Kwenye soga ndiko bidii yake iliko.

Jumatatu moja, chai ilipoa mezani. Mama Mapacha hakuigusa.

"Bado unawaza ya Ijumaa?" mumewe alimwuliza.

"Nitaachaje kuwaza?"

Ijumaa ukungu mzito uliwafunika katikati ya maji. Mama Mapacha aliangalia skrini ya ramani iliyo mbele ya usukani. Kwa kawaida, kijipicha cha boti huonekana pale juu ya ramani, na nahodha anajua alipo. Siku hiyo kijipicha kilipotea. Alipunguza mwendo, akapiga honi, akasubiri. Mama mmoja aliyebeba mtoto mchanga alimwuliza, "Nahodha, tuko wapi?" Mama Mapacha alipiga honi tena. Walikaa hivyo zaidi ya saa nzima, abiria kumi na mmoja, mpaka ukungu ulipoondoka.

"Lakini ile njia unaijua," alisema Baba Mapacha. "Unaijua kama nyumba hii."

"Nyumbani nikijigonga kwenye meza naumia peke yangu. Kule nina watu kumi na mmoja. Sivushi mtu mpaka skrini ipone. Na Alhamisi saa nne mkaguzi wa vyombo anakuja. Akikuta hivi, leseni ya abiria hatupati. Ukaguzi mwingine ni baada ya miezi mitatu. Watu wa ng'ambo watapitia wapi miezi mitatu?"

"Huo ni mtandao tu, mke wangu. Hata simu yangu jana ilisumbua. Weka bando."

Wifi aliingia bila kubisha hodi, akajimiminia ile chai iliyopoa. "Mimi nimeuliza dukani," alisema. "Muuzaji anasema tutupe kila kitu, tununue vipya."

"Muuzaji atasema nini kingine?" alijibu Mama Mapacha. "Sinunui kitu kabla sijajua kilichoharibika ni kipi."

Alivaa viatu akaenda kwa Fundi Pima.

Karakana ya Fundi Pima ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Nyaya zimetundikwa ukutani kwa rangi zake, na feni ya mezani haina kifuniko. Watu walimpa jina hilo kwa sababu dada huyu hafungui hata skrubu moja kabla ya kupima.

"Skrini inasema nini?" aliuliza Fundi Pima.

"Inasema haifanyi kazi."

"Hapana, hayo unasema wewe dada. Yenyewe imeandika maneno gani?"

Mama Mapacha hakuwa amesoma. Alikuwa ameipiga makofi tu.

"Rudi kwenye boti," fundi alimwambia. "Washa, kaa mbele yake, uandike kila neno. Na nieleze, kabla ya Ijumaa kuna mtu aliyegusa boti?"

"Hakuna. Alhamisi ilipakwa rangi tu."

Fundi Pima aliinua nyusi. "Sawa. Kesho nakuja na mita ya kupimia waya."

Mchana ule Mama Mapacha alikaa ndani ya boti iliyofungwa gatini, akiwa na daftari la shule la mmoja wa mapacha. Aliona jambo ambalo hakulitegemea. Maneno hayakuwa yale yale. Mara skrini iliandika: *Hakuna setilaiti.* Mara nyingine iliandika: *Kifaa hakipo.* Aliandika yote, na saa zake.

Jumanne asubuhi Fundi Pima alisoma lile daftari akatabasamu.

"Umefanya nusu ya kazi yangu. Hapa kuna magonjwa mawili, ndiyo maana mmechanganyikiwa. Sikiliza. Juu kabisa angani kuna setilaiti. Zinatuma ujumbe saa zote. Kule juu ya paa la boti yako kuna antena."

"Ule uyoga," alisema wifi. Ndivyo walivyoiita, kwa sababu ya umbo lake.

"Haya, uyoga. Uyoga unasikiliza setilaiti, basi. Haupigi simu kwa mtu, kwa hiyo hauhitaji bando. Ukishasikia, unapeleka habari kwenye skrini kwa waya. Skrini ikiandika 'Hakuna setilaiti', uyoga upo lakini hausikii. Ikiandika 'Kifaa hakipo', habari zimekatika njiani, kwenye waya. Tuanze na waya. Zima umeme wote."

"Kwa nini tuzime?" aliuliza Mama Mapacha.

"Tunapima ukinzani wa waya, na huo hupimwa umeme ukiwa umezimwa. Ukiacha umewashwa, mita itakudanganya."

Fundi alionyesha waya mkuu uliopita ubavuni mwa boti. Skrini, redio na uyoga vyote vimeungwa kwenye waya huo mmoja. Aligusisha ncha za mita kwenye nyaya mbili nyembamba za kupitisha habari.

"Soma."

"Mia na ishirini," alisema Mama Mapacha.

"Tunataka sitini. Waya huu una ncha mbili, na kila ncha lazima iwe na kizibo chake. Ndani ya kizibo kuna kitu kidogo kinachotuliza habari zikifika mwisho. Kizibo kikikosekana, habari zinagonga mwisho wa waya, zinarudi nyuma, zinagongana na nyingine. Ni kama watu wanaoongea wote kwa pamoja. Mita ikisoma mia na ishirini, kizibo kimoja hakipo. Tukitafute."

Walifuata waya kwa mkono, hatua kwa hatua. Chini ya usukani kizibo kilikuwepo. Walitoa majaketi ya kuokolea kutoka kabati la nyuma, moja moja, mpaka wakafika ncha ya pili. Hapo palikuwa na tundu lililozibwa kwa utepe wa karatasi, wa manjano, uliobandikwa vizuri sana.

Wifi aliinama akautazama. "Utepe huu naujua," alisema. "Kaka yangu huubandika kwenye vioo anapopaka madirisha."

Walimpigia simu. Baba Mapacha alikuja na rangi ya kijani sikioni.

"Kile kidude?" alisema. "Hakikuwa na waya. Nikajua ni kifuniko tu. Nilikitoa nisikichafue, kipo salama." Alifungua sanduku lake la brashi, akatoa kizibo kilichofungwa ndani ya gazeti kama yai.

Fundi alikirudisha mahali pake na kukikaza. Mita ilisoma sitini. Waliwasha umeme. Safari hii vifaa vyote vilionekana kwenye orodha ya skrini, na havikupotea tena.

"Si nilisema ni mtandao!" alishangilia Baba Mapacha.

"Subiri, shemeji," alisema Fundi Pima. "Ona. Setilaiti, sifuri."

Hazikubaki hata siku mbili kabla ya ukaguzi. Mama Mapacha alifungua ukurasa mpya wa daftari. "Endelea," alisema. "Sasa tunapima nini?"

Walizima taa za ndani, wakatazama skrini. Sifuri. Walichomoa chaja ya simu ya wifi, kwa kuwa chaja mbovu huweza kuupigia uyoga kelele. Sifuri. Walizima redio. Sifuri bado. Ndipo fundi alipotoa kwenye begi antena yake ya kupimia, akaiunga kwenye waya ule ule, akaiweka juu ya paa. Walingoja dakika tatu. Setilaiti mbili. Tano. Tisa.

"Kwa hiyo anga ni zima na waya ni mzima," alisema Mama Mapacha polepole. "Mgonjwa ni uyoga wenyewe."

"Umesema mwenyewe."

Walipanda juu. Uyoga ulimetameta juani kama sufuria mpya.

"Huu ni wa chuma?" aliuliza fundi.

"Ni wa plastiki," alisema Mama Mapacha. "Ulikuwa mwe—"

Alikatiza. Wote watatu walimgeukia Baba Mapacha.

"Ulikuwa umeanza kuwa wa manjano," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa napaka vyuma vya kushikia kwa rangi ya fedha. Nikaona niupendezeshe na wenyewe. Nikaupaka mara mbili, mikono miwili kamili. Mkono mmoja niliona hautoshi."

"Rangi ile ina vumbi la chuma ndani," alisema Fundi Pima. "Ujumbe wa setilaiti ni dhaifu sana. Kwenye plastiki unapita, kwenye chuma haupiti. Umeuziba masikio, shemeji."

Baba Mapacha aliona aibu mpaka akakaa chini. Alikumbuka ule mkono wa pili alivyouvuta kwa brashi, taratibu, akijisifu moyoni. Siku iliyofuata mkewe alikuwa ndani ya ukungu na watu kumi na mmoja.

Mama Mapacha alikuwa na hasira ya kumtupa majini. Alishusha pumzi. "Ulipaka vizuri," alisema. "Hilo ndilo tatizo. Sasa utaondoa vizuri."

"Nikalete petroli?"

"Usithubutu," alisema fundi. "Petroli itayeyusha plastiki, na maji yataingia ndani. Ni msasa laini na maji, na mkono mwepesi. Utashindwa?"

"Msasa?" Baba Mapacha alisimama. "Fundi, hapo umefika nyumbani kwangu."

Jumatano nzima aliacha kazi za watu. Alikaa barazani na uyoga mapajani, akisugua kwa mviringo, akisuuza, akisugua tena. Mapacha walipotoka shule walimkuta pale pale. Wifi alimpitia mara nne kumcheka, mara ya tano akamletea maji safi. Jua lilipoinama uyoga ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka dukani.

Waliurudisha juu ya paa. Skrini ikawaka. Sifuri.

"Upe muda," alisema fundi. "Umekaa siku nyingi bila kusikia."

Tatu. Saba. Kumi na moja. Kijipicha cha boti kikatua kwenye ramani, kando ya gati, mahali hasa walipofunga kamba. Kwenye redio nako namba za mahali zikajitokeza.

"Ukibonyeza kitufe hiki chekundu cha kuomba msaada," fundi alieleza, "redio itatuma na namba hizi, ili waokoaji wajue mlipo."

Wifi alinyoosha kidole. "Tujaribu?"

Fundi aliudaka mkono wake. "Hicho hakijaribiwi hata siku moja! Watu wataacha kazi zao kuja kuwaokoa, na wewe huna hata kiu."

Alhamisi saa nne kamili mkaguzi alifika, mtu mpole mwenye faili kubwa. Aliangalia majaketi, kizima moto, redio. Kisha akamwomba Mama Mapacha atoke nje kidogo. Alipomwita tena, kijipicha kilikuwa kimepotea.

"Nimegusa kitu," alisema mkaguzi. "Tuseme uko katikati ya maji, ukungu umeshuka, abiria wamo. Utafanya nini?"

Mama Mapacha alisogea mbele ya skrini.

"Kwanza napunguza mwendo. Abiria wote wavae majaketi, napiga honi. Kisha nasoma maneno. Imeandika 'Kifaa hakipo'. Ingeandika 'Hakuna setilaiti', ningeangalia paa, kama kuna kitu kimeuziba uyoga. Hii ni ya waya. Nazima umeme, nafuata waya kwa mkono."

Alizima, akapiga magoti, akafuata waya kutoka kwenye skrini. Kwenye kiungo cha tatu aliona plagi imelegea. Aliikaza, akawasha. Vifaa vikarudi, setilaiti zikarudi, boti ikarudi mahali pake.

Mkaguzi aliandika jambo kwenye faili. Halafu alinyanyua macho kwenye paa. Chini ya uyoga kulikuwa na maandishi mapya, ya herufi nzuri nyeusi: HAPA HAPAPAKWI RANGI.

"Nani kaandika?" aliuliza.

"Fundi rangi," alijibu Mama Mapacha.

Mkaguzi alicheka, akagonga mhuri.

Wiki mbili baadaye ukungu ulishuka tena. Safari hiyo Baba Mapacha alikuwa miongoni mwa abiria, anakwenda kupaka madirisha ya shule ya ng'ambo. Alikaa kwenye benchi la mbele, ameshika ndoo yake kwa mikono miwili. Mbele hapakuonekana kitu. Nyuma hapakuonekana kitu. Alijaribu kukumbuka ile njia aliyosema inajulikana kama nyumba, akaona hata kulia na kushoto havijui.

"Nahodha," aliita. "Tuko wapi?"

Mama Mapacha alitazama skrini.

"Gati liko mita mia mbili mbele yetu," alisema. "Shika ndoo yako, usinimwagie rangi."

Honi ilipigwa. Muda mfupi baadaye, nguzo za gati zikatokea mbele yao.