Dakika Moja ya Kunikumbuka

Jamani, mimi niliwahi kusimama kimya dakika moja kuomboleza kifo changu mwenyewe.

Msicheke. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, kichwa nimekiinamisha kama wenzangu, na mwanamke aliyekuwa mbele yetu anafuta machozi kwa ajili yangu...

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mimi ni fundi wa nguo. Sishoni mpya, narekebisha zilizochanika. Kiraka changu sikifichi: nashona kwa uzi wa njano, halafu namalizia na alama ndogo kama mguu wa kuku. Hiyo ndiyo saini yangu.

Mteja mmoja akaniambia kuna mkutano wa watu wa mazingira kila mwisho wa mwezi. Wataalamu watupu, wa taka, wa maji, wa majengo, wanakutana, wanafahamiana, wanapeana kazi. Nikasema, kwani mimi siokoi nguo zisitupwe? Nikaenda kutafuta wateja.

Mume wangu sikumwambia kuwa naenda. Yeye ni fundi wa sola, na kila nikiutaja mkutano ule alikuwa ananikatisha tamaa, eti pale ni soga tu. Isitoshe alikuwa safari ya kikazi. Kila mwisho wa mwezi alikuwa safari ya kikazi.

Ukumbini feni zilikuwa zimezimwa kwa makusudi, na kila mtu kaja na kikombe chake kutoka nyumbani. Kuna jamaa alitoa chupa ya plastiki, akaangaliwa kama kaleta nyoka.

Halafu ikaja zamu ya meza. Unaleta kitu usichokitumia, unasimama unaeleza historia yake, anayekitaka anakichukua. Kikishawekwa mezani hakirudi kwa aliyekileta. Kisichopata mtu kinaenda kwenye gunia la matambara.

Akasimama mdada mmoja, mtaalamu wa taka, wenyewe wanamwita Dada Mbolea. Mzuri, sauti ya upole. Akanyanyua sweta la kijivu.

Kiwiko cha kushoto kina kiraka cha njano.

Na mguu wa kuku.

"Hili ni la mchumba wangu," akasema. "Kiraka hiki alikishona marehemu mke wake. Alifariki akijifungua, yeye na mtoto."

Jamani...

Mtoto alifariki kweli. Mtoto wetu. Mimi nilibaki. Sweta hilo nililichana mwenyewe siku ile hospitali, nimemng'ang'ania mume wangu mkono kwa uchungu. Kiwiko kile nilikishona wiki niliyorudi nyumbani mikono mitupu. Na yeye akaona anizike humo humo na mwanangu, asijisumbue kutunga uongo mwingine.

Dada Mbolea akaendelea kueleza kwamba mchumba wake alilitupa sweta pipani, akidai linamuumiza roho. Yeye akaliokota, maana kwake hakitupwi kitu. Akaona njia ya kumheshimu marehemu ni sweta lipate mtu wa kulivaa. Mwenyekiti akaguswa, akaomba tusimame dakika moja.

Nikasimama. Ningefanyaje?

Tulipokaa nikanyoosha mkono, nikasema nalitaka. Dada Mbolea akanikumbatia! Akaniambia mchumba wake yuko njiani kuja kumchukua, atafurahi kumjua aliyelipata. Nikamjibu nitafurahi zaidi mimi.

Nikalivaa.

Bwana akaingia na kikombe chake mkononi. Kikombe changu hicho, cha kabatini kwangu, nilichokitafuta nyumba nzima. Aliponiona akakwama mlangoni. Dada Mbolea akamvuta hadi mbele yangu, akamwambia huyu ndiye aliyelichukua sweta.

Nawaapia nilimpa nafasi. Nilimtazama machoni nikasubiri aseme neno moja tu, alitaje hata jina langu...

Akanipa mkono.

"Asante sana, dada."

Dada. Mimi niliyemfulia, niliyemzalia, leo ni dada.

"Pole kwa kufiwa," nikamwambia.

Sikupiga kelele. Nikalivua sweta, nikatoa sindano na uzi wa njano mkobani. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimeanza kuachia, nikakaa nikaanza kukishona. Watu wakasogea kutazama, maana wale ukirekebisha kitu mbele yao ni kama umewawekea sinema. Mume wangu akawa anamnong'oneza mchumba wake waondoke, kichwa kinamuuma. Hakusikilizwa.

Nikamalizia na mguu wa kuku. Nikamwekea Dada Mbolea mikono yote miwili ya sweta mapajani.

Akaangalia kiwiko cha kushoto. Akaangalia cha kulia. Akapitisha kidole juu ya uzi, polepole, akarudia tena.

"Wewe ni nani?"

"Marehemu."

Kikombe changu kikamponyoka bwana, kikavunjika.

Hapo ndipo akakumbuka jina langu. Akaanza kujieleza, mara shetani, mara msongo wa mawazo tangu tumpoteze mtoto. Nikamshika bega, nikamsogeza hadi kwenye ile meza.

"Nimekileta hiki," nikawaambia watu. "Historia yake mmeisikia. Mimi hakirudi kwangu tena. Anayekitaka akichukue."

Ukumbi mzima ukamgeukia Dada Mbolea, mwanamke ambaye kwake hakitupwi kitu. Akainuka, akaenda kwenye kona, akarudi analiburuta gunia la matambara. Akalifungua mdomo mbele ya miguu ya mume wangu, akaenda zake.

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Alitoka pale na kicheko kinamsindikiza hadi barabarani. Mimi sikucheka. Nilikuwa namuwaza mwanangu.

Tangu hapo anakuja kugonga mlango, analia. Namjibu dirishani kwamba mwenye nyumba alifariki akijifungua.

Najua mtaniambia nina roho mbaya. Sawa. Lakini mimi kazi yangu ni nguo, na najua iliyochanika na iliyooza. Iliyochanika naishona hadi leo. Iliyooza haishiki uzi, unajichoma vidole bure.

Na nyie wadada mnaofuatwa na wagane wenye machozi ya karibu, wanaodai wamefiwa na wake zao, kabla hujambembeleza muulize kaburi liko wapi. Akikuambia liko mbali, kagua viwiko vya sweta lake.