Mchanga na Pumba

Jumamosi ndiyo siku vibarua wa mradi wa karanga walipomiminika sokoni Nachingwea, na Jumamosi ile ya mwezi wa sita, mwaka 1950, barazani kwa fundi Yunusi hapakuwa na pa kutia mguu. Huyu anataka suruali ipunguzwe, yule kanzu yake imeraruliwa na miiba ya porini. Cherehani inanguruma, vumbi jekundu linatua juu ya nguo, na pembeni, juu ya mkeka, binti wa miaka kumi na minane anashona matundu ya vifungo kwa mkono. Jina lake Sikuzani. Mama yake, Mwanne, alikuwa Ruangwa. Fundi Yunusi alikuwa baba yake mdogo, naye alimchukua kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito.

Alikuwa na tabia moja Sikuzani: kutazama miguu ya watu. Ukikaa mkekani mchana kutwa, miguu ndiyo inayokupitia mbele ya macho. Kwa hiyo aliiona miguu ya Lukumani kabla ya kuiona sura yake. Ilikuwa mirefu, mikavu, visigino havikai chini sawasawa, kama ya mtu anayetaka kuondoka hata pale aliposimama. Juu ya miguu hiyo kulikuwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na juu ya kaptula kijana anayecheka kabla hajachekeshwa.

Alitaka ashonewe mifuko miwili ya turubai yenye kamba, ya kutia mchanga na kufunga juu ya vifundo vya miguu. Watu wakageuka. Mteja mmoja akamwuliza mchanga wa Nachingwea unauzwa bei gani siku hizi. Lukumani hakuona haya. Alieleza kwamba mwezi wa tisa kutakuwa na michezo kambini, na atakayeshinda mbio za maili moja atafundishwa kuendesha trekta. Yeye amechoka kung'oa visiki.

"Mmewahi kumwona mcheza njuga anapozivua miguuni?" akasema. "Anatembea kama anaelea. Basi mimi nitakimbia na mchanga miezi mitatu. Siku ya mashindano nitauvua, na nyinyi hamtaniona, mtaona vumbi."

Sikuzani akasema bila kuinua kichwa, "Ukishakuwa vumbi, kaka, tutakufagia kwa ufagio gani?"

Baraza zima likacheka. Lukumani akachutama amtazame aliyesema. "Kumbe mkeka huu unaongea."

"Unaongea ukikanyagwa. Toa mguu wako."

Akautoa. Lakini jioni alirudi kuulizia mifuko ambayo aliambiwa itakuwa tayari Jumatatu, na Jumatatu alirudi kusema kamba ni fupi, na Jumanne kusema ni ndefu. Ratili tatu za mchanga wa mtoni kila mguu. Kila alasiri akitoka kazini alikimbia njia ya Chiola, na wakati wa kurudi alipitia barazani, akafungua mifuko iliyolowa jasho na kumwachia Sikuzani aianike na kuishona palipofumuka. Kesho yake aliikuta imekauka. Alimletea sukari guru iliyofungwa kwenye jani, mara nyingine kitana, na siku moja khanga nyekundu ambayo fundi Yunusi aliitazama sana bila kusema kitu.

Mwezi wa saba haujafika nusu, mshenga alikuwa ameshafika Ruangwa kwa mjomba Mbaruku. Kwa watu wa kule, mwenye kauli juu ya binti ni kaka wa mama. Mjomba hakukataa. Alisema tu kwamba desturi haijabadilika: mvua zikianza, kijana aje alime shamba la mama mkwe peke yake, mpaka mpakani, ndipo waoane. Asipoufikia mpaka, hakuna ndoa.

Lukumani alilipokea jibu hilo kama mtu aliyeambiwa anywe maji. "Trekta nitakuwa ninalo, Siku. Shamba la mama yako nitalilima nimekaa."

"Mjomba atasema trekta ndilo lililoposa."

"Basi muoane nyinyi wawili, wewe na trekta. Mimi nitakaa pembeni niwape maji."

Sikuzani alicheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Lakini macho yake hayakucheka. Mwishoni mwa mwezi ule aliona unyayo wa kushoto umeanza kuburuta vumbini. Asubuhi moja Lukumani alishuka ngazi ya baraza upande upande, kama mzee, na alipoulizwa alisema ni uchovu tu, mguu unakomaa. Wiki ileile akaongeza mchanga, ratili tano. Goti likaanza kumlia akichutama. Hata namna yake ya kukimbia ilibadilika: alikuwa akirusha mguu mbele na kuuacha udondoke, kisigino kikipiga chini kama mchi.

Sikuzani akapanda lori kwenda Ruangwa, akisingizia kumsalimia mama. Alikwenda kwa mjomba. Mbaruku, kabla mvi hazijamjaa, alikuwa mcheza njuga aliyejulikana hadi Ruponda, na kama kulikuwa na mtu wa kujua mambo ya uzito miguuni, ni yeye. Mzee alimsikiliza, kisha akakunja kanzu na kumwonyesha magoti yake mwenyewe, moja likiwa kubwa kuliko jingine.

"Njuga tulizibeba begani mpaka uwanjani," akasema. "Ukifika, unafunga. Unacheza papo hapo, ngoma ikilala unafungua. Mimi na mwenzangu mmoja tulitaka kuonekana wanaume, tukazifunga hapa hapa, tukaenda nazo mbio hadi Ruponda. Mimi nilipata goti hili. Mwenzangu alicheza ngoma ile tu, hakucheza nyingine. Uzito ukikaa chini kabisa ya mguu, mwenda si wewe tena, ni uzito. Mwambie afungue."

Alimwambia. Lukumani akasema mjomba anataka mkwe wa jembe, hataki mkwe wa trekta. Siku mbili hakupita barazani. Aliporudi alitabasamu kama hakukuwa na neno, akafungua mifuko, akaiweka mkekani.

Hapo ndipo Sikuzani alipokosea. Angeweza kusema tena, na tena, mpaka achukiwe. Lakini mdomo ulimshinda, akatumia sindano. Jioni ile alifumua mshono, akatoa konzi moja ya mchanga, akatia pumba za mtama, akashona. Kesho yake konzi nyingine. Katikati ya mwezi wa nane mifuko ilikuwa imenona kama zamani, na ndani yake hamkuwa na mchanga wa kuzidi konzi moja.

Lukumani alipoiona myepesi alisema ni nguvu zake zimeongezeka. Kisigino kikaacha kuburuta. Goti likanyamaza. Alikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki, akarudi kutoka njia ya Chiola jua lingali juu, akakaa kwenye ukingo wa baraza akimpangia Sikuzani nyumba, vyumba viwili na ukumbi, na mahali trekta litakapolala. Zilikuwa siku kumi na nne. Hawakupata nyingine tamu kama hizo.

Siku ya kumi na tano mwiba ulirarua mfuko mmoja akiwa anaingia kambini, mbele ya wenzake waliokuwa wakisubiri chakula. Pumba zikamwagika. Kuku wa kambini wakaja mbio nyuma yake wakidonoa, na kadiri alivyokimbia ndivyo walivyomfuata.

Alifika barazani ameshika mfuko mtupu.

"Nani amekutuma?"

"Kisigino chako," akasema Sikuzani.

"Watu wamecheka mpaka wamekaa chini. Lukumani anabeba chakula cha kuku. Na wewe kila siku unanipa mifuko, unanitazama usoni, unanitakia njia njema."

"Ulikuwa unaumia, Luku. Nilikuambia."

"Uliniambia mara moja. Ulinidanganya mara kumi na nne."

Sikuzani alitaka kumwambia jambo moja tu, kwamba katika siku hizo kumi na nne alikimbia kuliko siku zote. Kabla hajalisema, Lukumani alikuwa amekwishavuka barabara. Yeye aliona jambo jingine: kwamba ameibiwa siku kumi na nne za mazoezi, na lazima azirudishe. Alikwenda karakana akaokota vipande vya mnyororo wa trekta bovu, akavizungushia gunia, ratili saba kila mguu.

Hakupita tena barazani, ila alipita barabarani. Sikuzani hakuinua macho. Alisikia chuma kikilia, akahesabu kwa sikio: mguu mzima, mguu mbovu, mguu mzima, mguu mbovu. Alitoboa matundu ya vifungo yasiyo na nguo inayoyahitaji. Fundi Yunusi alimwambia aende akaseme na kijana wa watu. Akasema ataenda kesho. Kesho zikawa wiki tatu.

Siku ya michezo alivaa ile khanga nyekundu, akasimama kwenye kamba pamoja na wanawake wa soko. Lukumani alifungua minyororo pale pale kwenye mstari, akaitupa, na watu wakampigia makofi. Raundi ya kwanza aliongoza. Ya pili na ya tatu aliongoza. Kwenye ya nne, alipokuwa akizunguka kona ili amalize, ulisikika mlio kama wa kijiti kikavu cha muhogo kinapovunjwa. Lukumani akageuka nyuma kwa hasira.

"Nani kanipiga jiwe?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu karibu. Akataka kupiga hatua, mguu wa kushoto ukakataa, akaketi chini akiwatazama wenzake wakipita.

Dresa Eustakio, mtabibu wa hospitali ya misheni, mpole wa maneno, alimwonyesha Sikuzani kwa kidole pale juu ya kisigino palipobonyea. Alisema mshipa ule haukatiki kwa siku moja. Huchakaa kama kamba ya kisimani, uzi baada ya uzi. Mtu akikimbia na uzito kifundoni, anabadilisha mwendo bila kujua, na kifundo na goti vinavutwa kwa namna ambayo havikuumbiwa. Siku anapoutaka mguu uruke, unakuwa umebakiza uzi mmoja. Atatembea, alisema. Kukimbia, hapana.

Ijumaa tatu Sikuzani alikwenda hospitali kumwona. Lukumani aliitikia salamu, akageukia ukutani.

Mwishoni mwa mwaka mradi ulianza kupunguza watu, na fundi Yunusi, wateja walipopungua, akamrudisha Sikuzani kwa mama yake. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha Ruangwa siku lori liliposimama na akashuka mwanamume mwenye fimbo mkono mmoja na jembe begani. Sikuzani alimjua kwa miguu: mmoja unakanyaga wote, mwingine nusu.

"Shikamoo, mjomba," Lukumani alisema mbele ya Mbaruku. "Nimekuja kulima. Trekta sikulipata."

Mzee akamtazama mguu, akamtazama tena usoni. "Marahaba. Shamba lile. Mpaka wake ni mkorosho ule. Siku saba, maana mbegu hazingoji."

Jioni ya siku ya kwanza Sikuzani alimpelekea maji ya moto ya kukandia mguu, pale chini ya upenu wa jiko la mama yake. Lukumani akaukanda mwenyewe. Halafu Lukumani akauliza, taratibu, kama anayegusa jipu.

"Siku zile nilizokuwa narudi jua lingali juu. Mifukoni mlikuwa na nini?"

"Pumba."

"Pumba tupu?"

"Na konzi moja ya mchanga."

Akayatazama maji. "Basi ile kasi ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako, Luku. Tangu mwanzo."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti, kisha akajifuta uso kwa maji ya mguu. Akamwomba radhi kwa ajili ya minyororo. Sikuzani akamwomba radhi kwa ajili ya kuku. Mwanne, aliyekuwa akipepeta unga ndani, alisikia wakicheka pamoja, akadhani mambo yamekwisha.

Lakini shamba lilikuwa na matuta arobaini, na mguu ule haukuweza kusukuma. Siku ya pili Lukumani alilima matuta mawili. Ya tatu, mawili. Sikuzani alipiga hesabu kichwani, akaona siku saba hazitoshi hata kwa nusu. Siku ya nne, kabla kwa mama yake hakujawashwa moto, alichukua jembe akaenda upande wa mkorosho, akalima matuta matatu. Siku ya tano, manne. Mjomba Mbaruku alipita njiani, akasimama, akakohoa, akaendelea na safari yake.

Siku ya sita Lukumani aliwahi kufika. Alimkuta katikati ya tuta, khanga nyekundu ameikaza kiunoni, jasho linamchuruzika. Aliketi kwenye udongo mpya, akangoja mpaka Sikuzani alipomwona.

"Nilijua jana," akasema. "Matuta yangu yamepinda. Haya yamenyooka kama mshono."

"Mjomba ameona na amenyamaza. Hakuna atakayesema, Luku. Mwaka huu tu."

"Umenitilia pumba tena."

Sikuzani akashusha jembe.

"Mara ya kwanza ulitaka kuniokoa, mimi nikawa mjinga," akasema Lukumani. "Sina kinyongo. Lakini sikiliza, mama. Nitaishi humu, nitainua gunia nijiulize limejaa nini. Nitapata mavuno nijiulize nani alilima. Ulikuwa na mdomo, Siku. Ungekuja kuniambia, huwezi, mguu umekwisha, twende tukamwombe mjomba pamoja. Ningekwenda."

"Nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini?"

Jibu lililomjia Sikuzani lilikuwa moja: lile lile alilompa fundi Yunusi, kesho.

Lukumani akasimama kwa fimbo. Alilima tuta moja zaidi, lile alilokuwa ameliacha nusu jana yake, akalimaliza, akalichomeka jembe mwisho wa tuta. Akaenda kumuaga mjomba kama inavyotakiwa. Lori la Nachingwea lilipita saa tano.

Shamba lililobaki Sikuzani alililima mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu wote, mpaka kwenye mkorosho. Kisha yeye na mama yake wakapanda mahindi. Yakaota, mwezi wa pili yakafika magotini, na mtu aliyepita njiani asingeweza kujua tuta gani lilipinda na lipi lilinyooka. Sikuzani alijua. Kila asubuhi, akienda kupalilia, alianzia kwenye yaliyopinda.