Manyoya ya Tausi wa Tengeru

Romanus alipokanyaga gunia la mtama katika soko la Tengeru, mwenye gunia alimtazama kuanzia viatu vyake vilivyochongoka hadi suti yake ya rangi ya chungwa.

"Kaka, huoni?"

"Samahani, dada. Una kuku wangapi wa kumaliza gunia zima?"

"Siyo kuku. Tausi. Na dume lao huvaa kama wewe."

Romanus alicheka mpaka wauza ndizi wakageuka. Yeye alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi mjini Arusha. Msichana huyo, Vaileth, mzaliwa wa Kikwe, alitunza ndege katika bustani ya hoteli moja jirani na soko. Jumapili iliyofuata Romanus alimfuata huko, na kila Jumapili baada ya hiyo.

"Mkia wote huu wa nini?" aliuliza siku moja, dume lilipotandaza manyoya yake ya kijani, yakivuma kama mvua juu ya mabati.

"Kumpendeza jike. Na mkia huo unamponza dume mwenyewe. Juzi ulilowa mvua, akashindwa kuruka, mbwa nusura amle."

"Na jike alifanya nini?"

"Alikuwa anadonoa mtama."

"Jamani! Mnatutesa bure!"

Vaileth alimfinya mkono, wakacheka.

Miezi sita ikapita. Jumatatu moja Vaileth alimkuta tausi dume amejibanza chini ya kichaka ndani ya banda, hana mkia, damu imemgandia mgongoni. Kufuli la banda lilikuwa zima, na ufunguo alikuwa amekabidhiwa Vaileth peke yake. Meneja alimwita mwizi mbele ya wapishi, akamfukuza kazi.

Alikuwa bado hajatoka getini simu ya Romanus ilipoingia.

"Mpenzi wangu, njoo ukumbini Njiro. Usiulize kitu."

Alikwenda ili akamlilie. Alikuta upinde mkubwa wa harusi uliopambwa kwa manyoya ya tausi, marafiki wameinua simu zao, na Romanus amepiga goti, pete mkononi. Vaileth alichomoa unyoya mmoja. Shina lake lilikuwa na damu.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwako, malaika wangu. Ule ufunguo ulioniachia jana niwafungie tausi..."

"Umemnyonyoa akiwa hai?"

"Nilitaka siku yako ipendeze."

"Siku yangu? Leo nimefukuzwa kazi! Nimeitwa mwizi! Kila mwaka yanadondoka yenyewe, Romanus. Nina mfuko mzima stoo. Ungeniomba tu!"

Akausukuma ule upinde, ukaanguka chini, akatoka.

Kwa wiki mbili Romanus alipiga simu, Vaileth akawa anaikata. Alipokea mara moja tu.

"Vai, nisamehe, mama."

"Kwani aliyenyonyolewa ni mimi?"

Kisha meneja mwenyewe akampigia Vaileth: arudi kazini. Romanus alikuwa amekuja kukiri, na wiki nzima sasa kila asubuhi alikuwa akisafisha banda na kumpaka ndege dawa.

Vaileth alimkuta amevaa mabuti, ameshika ufagio. Hasira ikampanda upya.

"Meneja umemwambia. Na wapishi je? Walinicheka mimi nilipoitwa mwizi!"

Wakaongozana hadi jikoni. Romanus akavua kofia.

"Aliyeiba manyoya ni mimi. Vaileth hakujua lolote."

Visu vikaacha kukata. Mpishi mkuu, mama Hanna, akamgeukia Vaileth.

"Kwa hiyo huyu ndiye mchumba?"

"Bado sijaamua," Vaileth akajibu kwa ukali, huku akimsogezea kiti.