Pazia la Roshani

Pazia lilianza kunuka siku ile ile lilipotundikwa. Si harufu mbaya, hapana. Lilinuka karanga za kukaanga, poda na udi, harufu ya wanawake wengi waliokaa pamoja mahali pasipo hewa. Bi Kuluthumu akalifua kwa sabuni ya unga, akalianika juani mpaka likakakamaa, akalirudisha kwenye dirisha la sebule. Likanuka karanga.

"Mama, nani anakaanga karanga?" akauliza Yasmini, bintiye.

"Jirani," akajibu. Na jirani mwenyewe alikuwa kasafiri Urambo tangu juzi!

Sasa tusifichane, maana mtaa mzima wa Gongoni walikuja kujua. Pazia lile la mahameli nyekundu halikutoka Dar es Salaam kama alivyowatambia watu. Lilitoka kwenye jumba la sinema la zamani, lile lililofungwa video zilipoingia mjini, likageuzwa ghala la tumbaku, mwisho likaachiwa popo. Mwaka huu wenye mji wao wakaunda kamati ya kulihifadhi lisibomolewe. Na mwenyekiti alikuwa nani? Kuluthumu huyo huyo! Alisimama mbele za watu akalia machozi ya kweli, akasema, "Jamani, hapa ndipo mama zetu walipochekea. Hata msumari mmoja usipotee." Wiki haikuisha, akapanda roshani na mkasi.

Zamani, Jumapili alasiri, jumba lile lilikuwa na zanana, onyesho la wanawake peke yao, mwanamume hata mlangoni hapiti. Na humo humo walikuwamo wenye stara zaidi, wasiotaka kuonwa hata na wanawake wenzao. Hao walikaa juu, roshani, nyuma ya pazia. Wala hukulifungua pazia lile hivi hivi kama unaingia jikoni kwako. Ulisimama ngazini, ukapiga hodi, ukangoja. Watoto waliambiwa kwamba yuko mmoja kule juu asiyekata tiketi: jini wa kike, mwenye stara, aliyepanda kutoka pwani na misafara ya pembe za ndovu, akaipenda Tabora, akabaki. Picha zilipokuja akazipenda zaidi ya Tabora yenyewe. Kuluthumu alipokuwa mdogo aliipiga hodi hiyo akiwa kashikilia kanga ya mama yake. Ila siku ya mkasi alijiambia, hodi ya nini tena, kwa popo?

Pazia lilipokosekana, kamati ikataharuki. Kuluthumu akawa wa kwanza kusema.

"Ufunguo anao nani? Si Kornel?"

Kornel alikuwa mlinzi, mtu wa Sikonge, mpole, rozari shingoni. Kila Idi, yeye Mkristo, alimletea Kuluthumu kidumu cha asali kutoka porini kwao. Akafukuzwa kazi. Akaja kuaga.

"Shikamoo, mama mwenyekiti. Mimi sikuiba."

"Marahaba. Mungu anajua, Kornel."

"Ndiyo, mama. Anajua." Akapanda baiskeli yake. Kidumu cha asali alikuwa kakiacha barazani, na Kuluthumu hakuweza hata kukionja. Akakisukuma uvunguni kwa mguu.

Basi kila asubuhi akilifungua pazia ili mwanga uingie, anasikia mtu anasonya. Msonyo mrefu, wa mwanamke aliyekerwa, karibu kabisa na sikio. Akigeuka, hakuna mtu. Siku moja katoka kuoga, kajifunga kanga moja tu, yuko katikati ya sebule, na pazia likajifungua lenyewe, shwaaa, mpaka mwisho wa fimbo. Ng'ambo ya barabara wazee wanacheza bao. Mkono wa mzee Adriano ukaganda na kete hewani.

Kuanzia hapo akalifunga mchana kutwa, na hapo ndipo alipokosea zaidi. Alasiri moja alijilaza kwenye kochi, chumba kimekuwa giza kwa ule uzito wa mahameli, na akasikia minong'ono nyuma ya kichwa chake, kwanza kama majani makavu, kisha kama wanawake wengi wanaoketi na kusogezeana nafasi, bangili zinalia, mtu anatafuna karanga, mtu anacheka na kunyamazishwa, na kabla hajapata nguvu ya kuinuka, ukuta mweupe mbele yake ukapata mwanga, mwanga wa kutetemeka ule wa mashine ya picha, na ndani ya mwanga ukatokea mkono, mnene, wenye pete anayoijua, umeshika mkasi, unakata, unakata, na wanawake wasioonekana nyuma yake wakavuta pumzi zao kwa pamoja.

Kesho yake alikuwa Isevya kwa Bi Mwanajuma, bibi anayetibu wenye majini. Enzi za sinema ndiye aliyesimama ngazini na chetezo cha udi.

"Ulipiga hodi?" akauliza Bi Mwanajuma, kwa sauti ya chini.

"Sikupiga, bibi."

"Mwanamke wa stara unamtoa kwake, unamtundika dirishani, kila asubuhi unamfunua mbele ya wacheza bao, halafu unakuja hapa kushangaa? Bahati yako anasonya tu!"

"Nifanyeje? Wakwe wanakuja kumposa Yasmini. Bi Maua, mama yake kijana, unamjua macho yake yalivyo."

"Lirudishe. Mchana kweupe, mbele za wanawake. Sema kwa mdomo wako nani alikata. Kisha piga hodi. Ulimfunua, nawe jifunue, mtakuwa mmelipana."

"Bibi! Bi Maua atamwoza mwanawe binti wa mwizi?"

"Mimi natibu majini, mwanangu. Aibu sina dawa yake."

Kuluthumu akachukua nusu ya dawa. Adhuhuri, watu wako msikitini, akaingia jumbani peke yake, akalishona pazia mahali pake. Ngazini alikumbuka hodi. Aliogopa ataitikiwa. Akapita kimya. Kamati ilipouliza, akasema, "Kornel kamwogopa Mungu, kalirudisha kwa siri." Na wakamsifu kwa kumsamehe!

Nyumba ikatulia. Harufu ikakoma. Posa ikapokelewa, Bi Maua akala wali mpaka akaomba ukoko.

Jumapili ya kulifungua jumba, zanana ikarudi Tabora. Wanawake walijaa, wa mabuibui na wa kwaya za Kimoravian, wakibanana na kutaniana. Fundi wa mashine, mwanamume pekee, alifungiwa chumbani mwake. Mlangoni Leonia, mke wa Kornel, aliuza karanga kwenye sinia, maana nyumbani kazi hakuna. Kuluthumu alimpita akijifanya anatengeneza ushungi. Akakaa mbele, Bi Maua kushoto, Yasmini kulia.

Taa zikazimwa. Kitambaa cha picha kikapata mwanga.

Ikatokea sebule. Dirisha, pazia jekundu, kochi. Kisha uso wa Kuluthumu, mkubwa kama nyumba, na sauti yake ikajaa ukumbini: "Kornel kamwogopa Mungu." Ukaja mkasi. Ikaja asali inayosukumwa uvunguni kwa mguu.

"Jamani!" fundi akapiga kelele kutoka chumbani. "Mashine sijaiwasha!"

Hakuna aliyekimbia. Walitazama, wote, mpaka mwisho. Mlangoni sinia lilianguka, karanga zikabingirika sakafuni mpaka miguuni mwa Kuluthumu. Bi Maua akakusanya buibui lake polepole, lisimguse.

"Mama?" Yasmini akanong'ona. "Si kweli. Sema si kweli."

Kuluthumu akafumbua mdomo. Neno moja la kweli lilikuwa limefika ulimini, na pengine lingetosha. Lakini shingoni kwake ikapita baridi yenye harufu ya udi, na sauti ya upole, ya mwanamke aliyelelewa vema, ikasema sikioni:

"Hodi."

Na mdomo wake, uliofunzwa tangu utoto kwamba mgeni haachwi mlangoni, ukawahi kuitika:

"Karibu."

Siku hizi Kornel amerudi kulinda jumba, na roshani watoto wanapanda wakicheza, pazia halinuki kitu. Ni kwa Kuluthumu ndiko watu wanakosimama nje, wakapiga hodi, wakangoja. Madirisha yamefungwa, ndani mnanuka karanga. Anayeitika ana sauti nzuri sana, ya upole. Si ya Kuluthumu.